Kununua Kitanda Ambacho Bado Hakijaundwa

Samani za chuma za kuagiza katika nchi ya chai, na mapatano yanayowalinda mteja na fundi

Kila mwaka ifikapo Oktoba, karakana za chuma za Kericho, Litein, Sotik na Bomet hupata pilikapilika zisizo za kawaida. Huu ndio msimu ambao wakulima wadogo wa chai, wale wanaopeleka majani yao katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, hulipwa sehemu ya pili ya mapato yao ya mwaka, ambayo kila mtu huiita bonasi. Malipo ya kila mwezi kwa kilo za majani mabichi huishia katika sukari, sabuni na nauli. Bonasi ndiyo huwekewa mambo makubwa: karo, mabati ya nyumba, ng'ombe wa maziwa, na kwa kina mama wengi, kitanda cha watoto, meza ya kulia au kabati lililosubiri tangu mwaka uliopita.

Mama huyo anapoingia karakana hakuti kitanda cha kukikagua. Hukuta vyuma virefu vya mraba vimeegemezwa ukutani, mashine ya kuchomelea, meza iliyojaa alama za moto, na picha kadhaa katika simu ya fundi. Huelekeza kidole kwenye picha, hutaja ukubwa wa godoro, hutoa arubuni, au dipoziti kama tusemavyo siku hizi, kisha hurudi nyumbani. Amelipia kitu ambacho bado hakijaundwa. Kitanda hicho kikija kupinda, kushika kutu au kukataa kupita mlangoni, pesa iliyopotea ni jasho la majani ya mwaka mzima. Na wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamekuwa wakilalamika kwa muda mrefu kwamba bonasi yao huwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Hawana cha kupoteza.

Kwa sababu hiyo, jambo kubwa katika samani za kuagiza ni makubaliano yenyewe: ni nini hasa kilichoagizwa, kwa vipimo gani, kwa chuma cha unene gani, na kwa siku ngapi. Makala haya yaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, ili mwenye kuagiza ajue la kuuliza, na fundi mwaminifu apate mteja anayeielewa kazi yake.

Chai yashuka, chuma chapanda

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akauliza, vitanda vya Kericho vyatuhusu nini sisi wa Pwani? Vyatuhusu, kwani nchi hizi mbili zimeunganishwa na biashara moja. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanza katika miaka ya 1920. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo chai ya Kericho na Bomet huteremka kwetu kuuzwa na kupakiwa melini. Wako wengi miongoni mwetu wanaoishi kwa kazi za maghala, uchukuzi na bandari zinazotokana na majani hayo.

Chuma nacho hupita njia hiyo hiyo kinyume chake. Sehemu kubwa ya chuma bapa kinachotumika nchini huingia kwa bandari ya Mombasa kikiwa kimeviringishwa kama mkeka. Viwanda vya humu nchini hukikata, hukikunja na kukigeuza mabati na mabomba. Kimojawapo cha mabati, Mabati Rolling Mills, kiko hapa karibu, Mariakani. Kutoka hapo malori hukipeleka bara hadi maduka ya vifaa vya ujenzi. Chuma cha kitanda kinacholaliwa na mtoto wa Bomet huenda kilipita mbele ya macho yetu katika barabara ya Mombasa.

Tena familia za Kiislamu ziko huko pia: wafanyabiashara, walimu, watumishi wa serikali na wazaliwa wa miji hiyo. Kila mwaka vijana wetu wengine huhamishwa kikazi kwenda nchi hiyo ya baridi, na kitu cha kwanza wanachohitaji katika nyumba ya kupanga ni kitanda na meza.

Kwa nini chuma

Ufundi wa chuma si mgeni Kericho. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ilileta mafundi kutoka Bara Hindi, wakiwamo Masingasinga wengi waliokuwa wahunzi, maseremala na makanika, na vizazi vyao vikaendeleza karakana katika miji ya bara. Kericho leo ina hekalu kubwa la Masingasinga linalofungamana na kumbukumbu ya Baba Puran Singh, mtu wa dini aliyeishi mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza. Wafanyakazi wa Kiafrika walijifunza kazi katika karakana kama hizo na katika warsha za mashamba ya chai, ambako mashine na matrela huhitaji matengenezo kila siku. Baadaye walijitegemea chini ya miti na vibanda vya bati, nao ndio wanaoitwa jua kali. Serikali iliutambua mchango wao katika waraka wake wa sera, Waraka wa Kikao Nambari 2 wa mwaka 1992, uliohusu biashara ndogo na jua kali.

Kwa muda mrefu samani za nyumbani zilikuwa za mbao, na kazi ya mchomeleaji ilikuwa malango, madirisha na vitanda vya mabweni ya shule. Mambo yalibadilika kidogo kidogo. Mnamo Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, ukiwamo msitu wa Mau ulio jirani na Kericho na Bomet. Marufuku hiyo iliongezwa muda mara kadhaa, na mwaka 2023 Rais alitangaza kuiondoa. Katika miaka hiyo mbao ziliadimika na bei zikapanda, na watu wakazidi kugeukia chuma.

Chuma kina sifa zake. Hakiliwi na mchwa. Kina nyufa chache za kunguni kujificha, ingawa hujificha hata katika maungio yaliyochomelewa vibaya. Chaweza kubeba uzito mkubwa kwa umbo jembamba, jambo lenye faida katika chumba kidogo. Zaidi ya yote, chaweza kukatwa na kuunganishwa kwa kipimo cha mtu mmoja: dawati la mtoto kwenye kona isiyo ya mraba, meza ya cherehani inayolingana na kimo cha mshonaji, kiti cha kuswalia kwa bibi asiyeweza tena kuinama, benchi la kutilia udhu lenye miguu ya mpira isiyoteleza, au marfaa ya kuwekea Msahafu. Vitu vya namna hii havipatikani dukani.

Kipimo kabla ya moto

Sura ya Saba yaeleza kwamba Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma, akaamrishwa kuunda deraya na kuvipima sawasawa viungo vyake. Kwa hiyo katika habari za fundi huyo wa chuma, agizo la kupima limetajwa pamoja na agizo la kuunda. Mafundi wazuri wa leo hufanya hivyo hivyo.

Kwanza hupimwa godoro lenyewe, wala si jina lake. Godoro liitwalo la futi 6 laweza kuwa na urefu wa inchi 72 au 75, kulingana na aliyelitengeneza. Kitanda kikiundwa kwa inchi 72, godoro la 75 litapanda juu ya ubao wa miguuni. Pili hupimwa chumba, mlango na ngazi. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kilichochomelewa kipande kimoja huenda kisipite katika mlango wa nyumba ya kupanga. Hicho lazima kiwe cha kufunguka, kwa nati na bolti. Tatu hupimwa mtu. Kiti cha kawaida cha kulia huwa na kimo cha sentimita 45 hivi, na meza yake sentimita 75. Mzee mwenye magoti mabovu huhitaji kiti kirefu zaidi na chenye mikono ya kushikia, ili ainuke bila kuitwa mtu.

Baada ya vipimo fundi huchora. Wengi huchora kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa ule ule wa kitu chenyewe, kisha huweka vipande juu ya mchoro. Hapa ndipo panapozuka swali la chuma kitakachotumika. Mabomba ya mraba, ambayo mafundi huyaita tyubu, huuzwa kwa urefu wa mita 6. Tazama sasa: fremu ya kitanda cha futi 4 kwa 6 yahitaji pande mbili za futi 4 na pande mbili za futi 6, jumla futi 20, nazo ni mita 6 na sentimita 10. Tyubu moja yapungua kwa sentimita 10, mbali na kinacholiwa na jiwe la kukatia. Fundi atanunua tyubu ya pili, au atapunguza kitanda inchi chache, au ataunga kipande ubavuni.

Fundi mwenye agizo zaidi ya moja hupanga kazi zake ili kilichobaki katika kitanda kiwe miguu ya stuli au rafu ya viatu, na hivyo hapotezi. Mteja naye akiijua hesabu hii hufahamu kwa nini inchi mbili za ziada zaweza kuongeza bei ya tyubu nzima. Pengine ataridhia kipimo kingine, lakini ataridhia akijua, wala hatagundua siku ya kuletewa.

Yasiyoonekana

Kitanda kikishapakwa rangi, vitanda vyote hufanana. Tofauti iko katika unene wa tyubu, uzuri wa mishono ya kuchomelea, na kilichofanywa kabla ya rangi.

Unene hupimwa kwa geji, na hapa namba kubwa ndiyo nyembamba. Geji 16 ina unene wa takriban milimita 1.5, geji 18 takriban milimita 1.2. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho, lakini mzani huionyesha. Tyubu ya inchi 1 kwa 1 yenye urefu wa mita 6 huwa na kilo kama 6 na nusu ikiwa ni ya geji 16, na kilo 5 na kitu ikiwa ni ya geji 18. Mteja aweza kuomba aonyeshwe chuma kabla hakijakatwa, akiinue, au akitazame mdomoni. Chuma chembamba chatosha kwa rafu ya vitabu au meza ndogo. Kwa miguu ya kitanda cha watu wawili, au kitanda cha ghorofa, ni bora kisipungue geji 16.

Kuhusu mshono, fundi mzuri kwanza huungamanisha pembe kwa vidonda vidogo vya moto, kisha hupima kutoka pembe hadi pembe. Mistari hiyo miwili ikilingana, fremu ni mraba kamili. Isipolingana hugongwa mpaka ilingane, kabla ya mshono kukamilishwa. Sababu ni kwamba chuma kilichoyeyushwa hunywea kinapopoa na huvuta upande wake. Anayechomelea upande mmoja mpaka mwisho kwa haraka hupata kitanda kinachosimama kwa miguu mitatu. Halafu mshono wenyewe uzunguke kiungo chote, si juu tu panapoonekana. Tahadhari pia na fila, ile lami ya kujazia mabonde: ina kazi yake ya kulainisha, lakini wako wanaoitumia kuziba mashimo ya mshono mbovu. Kitanda kikaguliwe kabla ya kupakwa rangi. Fundi hodari hatakataa, aghalabu atafurahi.

Kisha kuna kutu, na hapa nchi ya chai ina adui wake mwenyewe. Sisi wa Pwani twaijua kutu iletwayo na chumvi ya bahari. Kericho iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka hufikia takriban milimita 2,000, karibu mara mbili ya ile ya Mombasa. Mvua hiyo husambaa karibu miezi yote, na ndiyo inayoyastawisha majani ya chai. Alfajiri chuma baridi hutoa jasho, nalo huingia ndani ya tyubu iliyoachwa wazi. Kutu huanzia ndani na miguuni, mahali pasipofika brashi, na siku rangi inapotoka chuma kimeshaliwa.

Kinga yake haina gharama kubwa. Miisho yote ya tyubu izibwe, kwa kuchomelewa kifuniko au kwa kofia ya plastiki. Miguu ivishwe viatu vya mpira, kwani sakafu hupigwa deki kila siku. Kabla ya rangi, chuma kisuguliwe kwa brashi ya waya na msasa, kifutwe mafuta yaliyotoka nayo kiwandani, kisha kipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, na juu yake mikono miwili ya rangi ya mwisho. Kila mkono uachwe ukauke. Katika nchi ya mvua jambo hili huchukua siku, na hapa ndipo ahadi ya «njoo kesho» inapoharibu kazi. Rangi iliyopakwa juu ya unyevu hubambuka kama ganda la kitunguu. Mteja anayemharakisha fundi mwezi wa mvua asishangae.

Kitanda cha ghorofa

Kitanda kinachoagizwa sana na wenye watoto wengi na vyumba vichache ni kile cha ghorofa, wengi wakiita dabo-deka. Ndicho pia kinachohitaji makubaliano ya makini kuliko vyote, kwani kosa lake humwangukia mtoto aliyelala.

Nchini Marekani sheria ya vitanda hivi yataka vizuizi vya pembeni vya kitanda cha juu vipite uso wa godoro kwa inchi 5 au zaidi, na upenyo wa vyuma usizidi inchi 3 na nusu, ili mwili wa mtoto usipenye na kichwa kikanaswa. Yataka pia onyo liandikwe kwamba asiye na umri wa miaka 6 asilale juu. Vipimo hivi ni rahisi kufuatwa katika karakana yoyote ya Litein au Likoni. Jambo la kukumbuka ni kwamba kimo cha kizuizi huhesabiwa kuanzia juu ya godoro. Mama akiagiza kizuizi cha inchi 10 kwa godoro la inchi 4, amebakiwa na inchi 6 za usalama. Akinunua baadaye godoro nene la inchi 8, zimebaki inchi 2 tu, nazo hazimzuii mtoto anayegeuka usingizini. Kwa hiyo unene wa godoro uandikwe katika agizo.

Ngazi nayo ichomelewe imara au ifungwe kwa bolti, isiwe ya kuning'inizwa. Vidato viwe na upana wa kutosha mguu wa mtoto. Pembe zote zipigwe tupa zisikwaruze. Na vibao vya kulalia viungwe kwa namna isiyoteleza, kwani anayelala chini hana kinga nyingine.

Mapatano

Kumwagiza fundi kitu kisichokuwapo ni jambo la kale. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alimtumia ujumbe mwanamke mmoja wa Kiansari ili kijana wake seremala aunde ngazi za mbao za kukalia anapohutubia watu. Zikaundwa kwa mti wa Ghaba, karibu na Madina, na hiyo ndiyo mimbari. Agizo hilo lilipita mikononi mwa mwanamke, na wako wanazuoni waliolitaja walipojadili mapatano ya kuunda kwa kuagiza.

Mapatano hayo huitwa istisnaa. Wanazuoni wa Kihanafi waliyapa mlango wake peke yake. Wale wa Kishafi, ambao wengi wetu Pwani twawafuata, waliyahesabu katika mlango wa salam, ambapo bei yote hulipwa pale pale. Mwezi Mei 1992, mkutano wa saba wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, uliofanyika Jeddah, ulipitisha azimio kwamba istisnaa yawafunga pande zote mbili masharti yake yakitimia: ielezwe aina ya kitu, kiasi chake na sifa zake, na muda wa kukamilisha uwekwe. Azimio hilo liliruhusu bei icheleweshwe au ilipwe kwa awamu. Liliruhusu pia kuwekwa sharti la fidia kwa mujibu wa mapatano, isipokuwa pakitokea dharura iliyo nje ya uwezo. Mwenye kutaka ufafanuzi zaidi amwendee shekhe wake au kadhi.

Tukiyatazama masharti hayo twaona kwamba ni yale yale yanayohitajika kwa kitanda kisiharibike. Sheria ya nchi nayo yamtaka muuzaji aliyekubali maelezo alete kitu kinacholingana na maelezo hayo. Wasipoelewana, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mtu aweza kujisemea mwenyewe humo. Lakini mahakama husikiliza ushahidi, na neno lililosemwa kando ya mashine inayonguruma si ushahidi wa kutegemewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujumbe wa malipo katika simu ni mwanzo mzuri. Uongezewe picha ya mchoro na vipimo.

Haki ya fundi

Maandishi humlinda fundi vilevile. Arubuni aliyopokea, aghalabu nusu ya bei, hununua chuma, vijiti vya kuchomelea na rangi siku hiyo hiyo. Mteja akibadilisha mawazo baada ya chuma kukatwa, au asionekane mpaka bonasi nyingine, fundi hubaki na kitanda kilichopimwa kwa chumba cha mtu mwingine, hakimfai yeyote. Bei ya chuma hupanda, na umeme hukatika. Ni haki yake mapatano yaseme bei hii yasimama mpaka siku gani, na mzigo ulio tayari utasubiri siku ngapi.

Naye afanya kazi yenye hatari. Mwanga wa mashine huunguza macho, maumivu yake yakaja usiku. Kwa hiyo mteja asimlete mtoto kutazama. Chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa bila kusuguliwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka. Kinyago cha kuchomelea, glavu na hewa ya kutosha ni sehemu ya gharama, na anayeombwa punguzo la mwisho kabisa huanza kupunguza hapo.

Kijana anayependa kazi hii asidhani kwamba ni ya walioshindwa na shule. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa majaribio ya ufundi kwa madaraja matatu, kuanzia daraja la 3 hadi la 1, na aliyejifunzia karakana aweza kuyafanya. Mabinti nao wamo. Kupima, kuchora na kuhesabu vipande ni nusu ya kazi, na mama anayeagiza kabati la jikoni huelewana upesi na fundi anayejua jiko linavyotumika.

Karatasi yenyewe

Kwa wanaotaka kuanza leo, agizo laweza kuandikwa hivi: «Kitanda kimoja cha ghorofa. Nafasi ya ndani inchi 36 kwa 75, juu na chini. Godoro la juu inchi 4. Kizuizi inchi 10 kutoka kitako cha godoro. Upenyo usizidi inchi 3 na nusu. Miguu na fremu tyubu ya inchi 1 na nusu, geji 16. Ngazi kwa bolti, upande wa kushoto. Kitanda kifunguke. Miisho yote izibwe, miguu ivishwe mpira. Rangi ya msingi mkono mmoja, rangi ya kahawia mikono miwili. Mteja atakikagua kabla ya rangi. Bei ni hii, arubuni ni hii, baki italipwa siku ya kuchukua. Kitakuwa tayari tarehe fulani. Kitasubiri siku 14.» Chini yake majina mawili, sahihi mbili na tarehe.

Haijai hata nusu ukurasa. Iandikwe nakala mbili, moja ibaki karakana na nyingine ihifadhiwe nyumbani pamoja na stakabadhi za majani, mpaka kitanda kiingie mlangoni na watoto wakilalie.